Kuliokoa jino bila kulikata sana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wengi hufika kwa daktari wa meno wakiwa wameshajihukumu: jino limetoboka, basi ama litachimbwa ama litang'olewa. Mara nyingi hukumu hiyo si sahihi. Haya ni maswali ninayoulizwa siku zote. Mengine yanahitaji maelezo marefu, mengine yanajibika kwa sentensi chache.

Matibabu ya "kukata kidogo" ni yapi hasa?

Ni kulitibu jino kwa kuondoa kile tu kisichoweza kupona na kubakiza kila kilicho kizima. Kwanza ugonjwa unasimamishwa, kisha sehemu iliyodhoofika inatiwa nguvu. Mashine ya kutobolea inashikwa mwisho kabisa, tena pakiwa na haja.

Nalishikilia hili kwa sababu moja. Mfupa ukivunjika huunga, ngozi ikichanika hufunga, lakini enameli, yaani lile gamba gumu la nje ya jino, haina chembe hai hata moja. Karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Ikikatwa, imekwenda. Halafu kila nyenzo ya kuzibia jino ina umri wake: baada ya miaka kadhaa huchakaa, hutolewa, na kila inapotolewa tundu hupanuka kidogo. Hivyo ndivyo tundu dogo la ujanani linavyozibwa, likazibwa tena kwa upana zaidi, likavikwa kofia (kifuniko cha jino zima), likaingia kwenye matibabu ya mzizi (kutoa kiini kilicho ndani ya jino na kuziba mizizi), na mwisho likakutana na koleo la kung'olea. Ukiweza kuchelewesha ule mkato wa kwanza kwa miaka 10, safari yote hiyo umeisogeza mbele.

Mbona zamani madaktari walikata sana? Walikuwa wanakosea?

Hapana. Walifanya kilicholazimu kwa nyenzo walizokuwa nazo. Msingi wa ukataji ule uliwekwa na daktari wa meno Mmarekani, G. V. Black (1836–1915). Amalgamu, ile nyenzo ya rangi ya fedha, haigandi kwenye jino. Hukaa mahali pake kwa sababu tundu limechongwa likawa pana ndani kuliko kwenye mlango wake. Zaidi ya hapo, Black alifundisha kwamba mifereji ya jirani iliyo juu ya jino, hata ikiwa mizima, ikatwe pia, isije ikaoza baadaye. Wakati wake dawa za meno zenye floraidi, madini yanayolikaza jino, hazikuwa zimeenea, kwa hiyo hofu yake ilikuwa na msingi.

Mambo mawili yaligeuza hali. Mwaka 1955 daktari wa meno Mmarekani, Michael Buonocore, alionyesha kwamba enameli ikipakwa asidi kwa muda mfupi hupata vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na plastiki ikiwekwa juu yake hupenya humo na kushika. Kisha katika miaka ya 1970 ikaja simenti ya ionoma ya kioo, iliyobuniwa London, ambayo huganda yenyewe kwenye jino na kutoa floraidi polepole. Nyenzo ikishaweza kushika yenyewe, sababu ya kuchimba palipo pazima imekwisha.

Na hili msomaji wa Kiswahili anastahili kulijua: njia ya kusafisha tundu kwa vifaa vya mkono peke yake, bila mashine wala umeme, kisha kuliziba kwa simenti inayoshika, ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Shirika la Afya Duniani liliitangaza mwaka 1994, na leo inafundishwa nchi nyingi duniani.

Nimeambiwa nina doa jeupe kwenye jino. Litatoboka?

Si lazima. Doa jeupe ni kuoza kulikoanza lakini bado hakujavunja uso wa jino. Kila unapokula sukari, bakteria walio kwenye utando wa meno huigeuza kuwa asidi. Asidi ikizidi, yaani pH (kipimo cha ukali wa asidi; ikishuka, asidi imekuwa kali) ikishuka chini ya takriban 5.5, madini hutoka kwenye enameli. Mate yakishaituliza asidi, madini hurudi. Jino linaishi katika kutoa na kupokea huko mchana kutwa. Doa jeupe maana yake ni kwamba limetoa kuliko lilivyopokea.

Kuna jambo dogo unaloweza kuliona ukimwomba daktari akushikie kioo. Jino likiwa na mate huonekana halina kasoro. Daktari akilipuliza hewa kwa sekunde chache, doa linajitokeza, jeupe kama chaki. Doa linalohitaji kukaushwa ndipo lionekane bado liko juu juu. Linaloonekana hata jino likiwa na majimaji limeshazama zaidi. Kipimo hiki hakina gharama, na kinasema mengi.

Dawa yake ya kwanza iko mikononi mwako: dawa ya meno yenye floraidi kati ya 1,000 na 1,500 ppm, yaani sehemu kwa milioni (namba hiyo huandikwa kwenye boksi), mara mbili kwa siku, na moja ya hizo iwe kabla ya kulala. Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji, maana maji yanaiondoa floraidi uliyoiweka sasa hivi. Sukari nayo ihesabu kwa mara ngapi inaingia mdomoni, si kwa wingi peke yake: soda moja inayonywewa kwa saa tatu inaliumiza jino kuliko ileile ikinywewa pamoja na chakula.

Daktari anaweza kuongeza floraidi nzito ya kupaka, yenye 22,600 ppm, au kuifunika mifereji ya magego kwa utando wa plastiki. Kwa madoa yaliyo katikati ya meno mawili au yanayoonekana mtu akicheka, ipo njia ya kufungua uso wa doa kwa asidi na kulinywesha plastiki nyepesi sana ambayo hukaushwa kwa mwanga. Ubavuni mwa meno kazi yake ni kuzuia doa lisiendelee. Mbele, doa hufifia au hupotea kabisa. Hakuna sindano na hakuna kutoboa.

Tundu likishatokea linaweza kujiziba lenyewe?

Kujiziba, hapana. Kusimama, ndiyo. Tundu lililo wazi na linalofikika kwa mswaki linaweza kuacha kuendelea: lililokuwa laini na la rangi ya njano huwa gumu, la kahawia iliyokolea au jeusi, na hung'aa. Kwa hiyo weusi peke yake si sababu ya kuchimba. Kinachoangaliwa ni ulaini na unyevu.

Daktari ameacha sehemu iliyooza ndani ya jino langu, akaziba juu yake. Amenifanyia uzembe?

Swali hili huja na hasira, na naielewa. Tumelelewa tukiamini kwamba uozo wote lazima utoke. Lakini huenda daktari huyo ndiye aliyeliokoa jino lako.

Chini ya enameli kuna dentini, na katikati ya dentini kuna kiini chenye mishipa ya fahamu na ya damu. Kuoza kukishuka sana, kati ya uozo na kiini hubaki ukuta mwembamba. Daktari anayekwangua mpaka asione doa lolote anaweza kuutoboa ukuta huo, na kiini kikishatobolewa katikati ya uozo, nafasi yake ya kubaki hai inapungua sana.

Kwa hiyo kazi hufanyika kwa sehemu mbili, na kila sehemu ina kipimo chake. Kingo za tundu husafishwa mpaka zikauke na kuwa ngumu kabisa. Ukipitisha hapo kijiko cha mkono, yaani kifaa kidogo cha kukwangulia, dentini inakwaruza na kutoa sauti kavu, hakuna kinachobanduka. Hapo hapana mjadala, kwa sababu ndipo kijazo kitakaposhika na kufunga. Sakafuni, juu ya kiini, kipimo ni kingine. Kijiko kinabandua vipande laini vyenye majimaji, kisha vinakuja vilivyo vigumu kidogo, kama ngozi iliyolowa. Katika tundu lenye kina, daktari makini husimama papo hapo.

Kinachofuata ndicho watu hawaambiwi. Bakteria waliofungiwa chini ya kijazo kisichovuja hukosa sukari. Wengi hufa, na waliobaki hawana nguvu ya kuendeleza uharibifu. Dentini iliyolegea hupokea madini upya, na kiini, kikiwa bado hai, hujijengea ukuta mpya kwa ndani. Madaktari waliokuwa wakiziba kwa muda kisha kulifungua jino baada ya miezi 6 hadi 12 walikuta sakafu iliyokuwa laini imekauka, imekolea rangi, imekuwa ngumu. Mwaka 2016 wataalamu wa nchi mbalimbali walichapisha makubaliano yao kuhusu jambo hili, na siku hizi kulifungua jino mara ya pili mara nyingi hakuhitajiki.

Masharti yapo. Jino lisiwe na maumivu ya kujianzia lenyewe, kiini kiwe hai, na kingo zifunge kabisa. Kijazo kikivuja, bakteria wanapata chakula tena. Basi muulize daktari aliacha kwa makusudi au hapana, na ameandika hivyo kwenye faili lako au hapana. Daktari aliyefanya kwa makusudi atakuwa na jibu.

Kuna dawa ya kupaka inayosimamisha kuoza lakini inalifanya jino kuwa jeusi. Ni salama?

Ni ile ya fedha na floraidi, ambayo kwa kawaida hutumika kwa nguvu ya asilimia 38. Fedha huua bakteria, floraidi hulikaza jino. Jino hukaushwa, tone hupakwa kwa brashi ndogo kwa muda wa kama dakika moja, basi. Haina ganzi wala mashine. Mara nyingi hurudiwa baada ya miezi 6. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu.

Weusi ni wa kudumu, na unakaa pale palipooza tu. Enameli isiyooza haibadiliki. Ikigusa mdomo au kidole huacha doa linalofutika baada ya siku kadhaa, ila kwenye nguo haitoki. Haifai kwa mwenye mzio wa fedha, wala haitibu jino ambalo kiini chake kimeshaoza au lenye jipu.

Kwa mtoto mdogo asiyeweza kutulia, kwa mzee aliye kitandani, kwa mtu mwenye ulemavu ambaye kukaa kitini ni mateso, sioni dawa yenye huruma kuliko hii. Lakini mzazi aonyeshwe picha ya jino lililopakwa kabla ya kukubali. Nasisitiza hili kwa sababu mama anayeliona jino jeusi la mwanawe bila kuandaliwa hudhani limeharibiwa.

Meno ya utotoni si yatang'oka tu? Kwa nini yatibiwe?

Gego la utotoni hukaa mpaka mtoto afike miaka 10 au 12. Likioza saa ana miaka 4, hiyo ni miaka mingi ya kuumwa, kutolala na kushindwa kutafuna. Likitolewa mapema, meno ya jirani hulala kwenye pengo na kuliziba njia jino la ukubwani lililo chini.

Kwa magego haya ipo njia inayobeba jina la Norna Hall, daktari wa meno wa Scotland. Kofia ya chuma iliyotengenezwa tayari hujazwa simenti na kusukumwa juu ya jino lililooza bila ganzi, bila kuchonga, bila kukwangua uozo. Wakati mwingine siku chache kabla huwekwa vipete vya mpira katikati ya meno ili kupata nafasi. Mtoto huuma kwa nguvu, simenti inaganda, kazi imekwisha. Kwa siku za kwanza atasema meno hayakutani vizuri. Ni kweli, na kwa wiki chache yanajirudi. Uozo ulio chini hufungiwa usipate sukari, kama nilivyoeleza hapo juu.

Jino linaniuma. Je, ni lazima nitolewe kiini chote?

Inategemea linauma vipi. Linaloshtuka kwa kitu baridi na kutulia ndani ya sekunde chache, kiini chake kina uwezekano mkubwa wa kupona ukiondoa kinachokisumbua. Linalouma lenyewe, linalokuamsha usiku, au ambalo baridi ikishapita linaendelea kuuma kwa dakika kadhaa, kiini kimeumia zaidi.

Hata hapo si kila jino linakwenda moja kwa moja kwenye matibabu ya mzizi. Daktari anaweza kuondoa sehemu ya kiini iliyo kichwani mwa jino na kuiacha iliyo mizizini. Huweka pamba yenye dawa na kusubiri dakika chache. Damu ikikata, kilichobaki kina uhai, na hufunikwa kwa simenti maalumu za kalsiamu silikati zilizoanza kutumika miaka ya 1990. Damu isipokata, ugonjwa umeshashuka chini, na matibabu kamili ya mzizi ndiyo njia. Kwa mtoto ambaye mizizi ya jino lake la ukubwani bado haijafunga, kukibakiza kiini hai ni jambo la kupigania, kwa sababu ndicho kinachoimalizia mizizi.

Antibayotiki haziponyi jino linalouma. Zina kazi yake uvimbe unapoenea au homa inapoingia, tena pamoja na kushughulikia jino lenyewe. Na uvimbe wa shavu au chini ya taya unaokufanya ushindwe kumeza, kufungua mdomo au kupumua vizuri si wa kusubiri miadi: nenda hospitali saa hiyohiyo.

Jino limemeguka au limetoka zima kwa kuanguka. Nifanye nini?

Kipande kilichomeguka kitafute, kiweke kwenye maji au maziwa, nenda nacho. Mara nyingi hugandishwa tena mahali pake, na hakuna nyenzo inayofanana na jino lako kuliko jino lako.

Jino la ukubwani lililotoka zima lishike sehemu nyeupe, usiguse mzizi. Kama ni chafu, lisuuze kidogo kwa maziwa au maji safi bila kulisugua, kisha lirudishe kwenye tundu lake palepale na uume kitambaa. Ukishindwa, liweke kwenye maziwa. Chembe zilizo kwenye mzizi hazivumilii kukauka. Ikipita saa moja jino likiwa kavu, karibu zote zimeshakufa. Jino la utotoni usilirudishe, linaweza kuliumiza la ukubwani lililo chini yake.

Jino langu limebaki kuta mbili tu. Ni kofia au linaweza kuzibwa?

Kofia kamili inataka jino lichongwe pande zote, na hapo zaidi ya nusu ya sehemu inayoonekana inaweza kuondoka. Kwa jino lililokwisha kuchongwa zamani hilo halina hasara kubwa. Kwa jino ambalo kuta zake mbili ni nzima, kuzichonga ili kuzifunika ni hasara. Kipo kipande cha kauri au plastiki ngumu kinachofunika tu vilele (vinundu vya juu ya jino) vilivyodhoofika na kugandishwa juu yake. Kwa maoni yangu, kila anayeambiwa kofia aulize kwanza kama kipande hicho hakitoshi. Magego yaliyofanyiwa matibabu ya mzizi yenyewe yafunikwe vilele vyake, kwa njia moja au nyingine, maana hupasuka kirahisi.

Nina jino lililozibwa zamani na ukingo umemeguka. Litolewe lote na kuzibwa upya?

Mara nyingi inatosha kurekebisha pale palipomeguka, au kulainisha ukingo na kuung'arisha. Doa la pembeni si ushahidi kwamba chini pameoza. Amalgamu nzima isiyo na tatizo iache. Kuitoa kwa sababu ya rangi peke yake kunakula sehemu nzima ya jino hilo iliyo pembeni mwa kijazo.

Vipi kuhusu leza na dawa za kulainisha uozo?

Vinasaidia, ila si uchawi. Ipo jeli yenye kimeng'enya cha papai inayolainisha dentini iliyooza ili ikwanguliwe kwa mkono, nzuri kwa wenye hofu, ingawa inachukua muda zaidi. Upo pia mchanga laini unaopulizwa kwa hewa. Kinacholibakiza jino ni mkono unaojua pa kusimama, uwe umeshika leza au kijiko.

Nitamtambuaje daktari anayefanya kazi hivi?

Ataangalia kabla ya kushika kifaa: atakausha meno, atapiga eksirei pale inapohitajika, atakuuliza unakula nini na mara ngapi. Kwa doa ambalo halijatoboka atakuambia "tulitazame tena baada ya miezi kadhaa" na kuliandika. Muulize: nisipolikata leo, kutatokea nini? Jibu la "litaharibika tu", bila kueleza kwa nini, halitoshi kukufanya ufungue mdomo.

Ni wakati gani kung'oa ndiyo sahihi?

Mzizi ukipasuka kwa urefu. Jino likioza chini ya mfupa mpaka hapana pa kugandisha kitu. Mfupa unaolishikilia ukiwa umekwisha na jino linacheza hata kwa ulimi. Hapo kulihangaikia ni kumuongezea mtu maumivu.

Limeshang'olewa. Je, meno ya jirani lazima yachongwe ili kushikilia la bandia?

Siyo lazima. Kwa pengo la mbele, jino la bandia lenye bawa moja jembamba linaweza kugandishwa nyuma ya jino la jirani, ambalo halichongwi au linaguswa kidogo sana. Pengo la gego la mwisho, kama unatafuna vizuri na meno mengine hayasogei, linaweza kuachwa jinsi lilivyo. Daktari akukague tena baada ya miezi michache, aone kama gego la taya ya pili linalolikabili pengo limeanza kusogea kuelekea humo au la.